Ziwa la Dal na Wageni Wake wa Kiangazi

Kusi likishashika, na bahari ikachafuka hata wavuvi wakasita kutoka nje ya mwamba, sisi watu wa Pwani humshukuru Mwenyezi Mungu kwamba joto la kaskazi limetupa kisogo. Ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kwamba upepo huo haukomei kwetu. Hupita mkabala wa Somalia, hukunja kuelekea mashariki, na ukifika Bara Hindi ndio huwa mvua inayongojewa na mamilioni ya wakulima. Manahodha wa zamani waliosafiri baina ya Mombasa na Surat waliijua safari hiyo ya upepo kama wajuavyo njia ya msikitini. Lakini kaskazini kabisa ya nchi zile liko bonde ambalo mvua ya kusi hulifikia ikiwa imekwisha nguvu, kwa kuwa milima ya Pir Panjal imeisimamia njiani kama ukuta. Bonde hilo ni Kashmir, na ndani yake, mita 1,580 hivi juu ya usawa wa bahari, limo ziwa liitwalo Dal.

Dal si ziwa kubwa. Maji yake yameenea kilomita za mraba 18 hivi, na mahali pengi kina chake hakimzamishi mtu mzima aliyesimama, hivyo mwenye dau hutosheka na pondo. Maji huingia upande wa kaskazini kwa mto wa Telbal uteremkao milimani, hupenya polepole katikati ya matete na mayungiyungi, kisha hutokea upande wa mji wa Srinagar na kuungana na mto Jhelum. Mashariki yake imesimama milima ya Zabarwan, na asubuhi kusipokuwa na upepo milima hiyo huonekana mara mbili, juu ya nchi kavu na ndani ya maji. Wakati ambapo Delhi na Lahore zinaungua kwa joto la nyuzi 40 na zaidi, pale ziwani mtu hulala na shuka nzito.

Kwa zaidi ya miaka 400 wenye uwezo wamelikimbilia ziwa hili kila kiangazi. Walianza wafalme Waislamu wa dola ya Mughal, wakafuata watawala wengineo, kisha Waingereza, na leo ni watalii wa kila namna. Habari za fahari zao zimeandikwa sana. Sisi tungependa kuisimulia habari hiyo huku tukimtazama mtu ambaye aghalabu husahauliwa, naye ni yule abakiye ziwani majani yakishapukutika na wageni wakishafunga mizigo yao. Nasi watu wa mwambao, ambao miji yetu nayo hujaa na kupwa kwa misimu ya wageni, huenda tukamfahamu mtu huyo kuliko wengine.

Mfalme Akbar aliitia Kashmir katika himaya yake mwaka 1586, na miaka mitatu baadaye akaenda mwenyewe kuiona. Lakini aliyelipenda bonde lile mapenzi ya kupitiliza ni mwanawe, Jahangir. Huyu alikuwa mfalme wa tabia ya pekee: mpenda anasa, mwepesi wa ghadhabu, na papo hapo mtu wa kuchungua mambo kama mwanafunzi. Katika kitabu alichokiandika juu ya maisha yake ameeleza ndege, maua, chemchemi na matunda ya Kashmir kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kurudi kwenye kiti chake. Mwaka 1620 alifuatana na mchoraji wake, Ustad Mansur, akamwamuru achore maua ya bonde lile, na mfalme mwenyewe anatuambia kwamba michoro hiyo ilizidi 100. Iliyosalia hata leo ni michache mno.

Bustani mashuhuri kuliko zote, Shalimar, ilianzwa mwaka 1619 kando ya ziwa kwa amri ya Jahangir, na msimamizi wa kazi alikuwa mwanawe Khurram, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Shah Jahan, mjenzi wa Taj Mahal. Bustani za Kimughal zilifuata mtindo uliotoka Uajemi. Mfereji mmoja hupita kati, maji huteremka kidato baada ya kidato, na kila upande hupangwa kwa mizani. Tofauti ya Kashmir ni kwamba huko hapakuwa na haja ya kuyavuta maji kwa ng'ombe wala kwa magurudumu. Mafundi waliukinga mkondo wa mlimani juu ya bustani, wakayaacha maji yateremke kwa uzito wake, na uzito huohuo ndio uliorusha maji juu katika mabomba ya mawe.

Katika Shalimar pana jambo litakalomfurahisha mtu wa Lamu. Nyuma ya mahali ambapo maji huanguka kama pazia, mafundi walichonga vidaka ukutani, safu juu ya safu. Mchana viliwekwa vyombo vya maua, na usiku ziliwekwa taa, mwangaza ukaonekana ukitetemeka nyuma ya maji. Vidaka hivyo huitwa chini khana, yaani nyumba ya vyombo vya Kichina. Nasi tunajua kwamba katika nyumba za kale za mawe za Lamu na Pate, vidaka vya chokaa vilivyojaza ukuta wa ndani vilipambwa kwa sahani na mabakuli yaliyotoka China. Miji iliyokuwa mbalimbali hivyo ilikuwa na wazo moja la pambo. Hatusemi kwamba huyu alijifunza kwa yule. Tunasema tu kwamba bahari na njia za misafara zilikuwa zikichukua mambo mengi zaidi ya bidhaa.

Si mbali na Shalimar iko bustani ya pili, Nishat, yenye vidato 12 vinavyopanda kutoka ukingo wa ziwa hadi mguu wa mlima. Aliyeijenga, mwaka 1633, ni Asif Khan, kaka yake Malkia Nur Jahan na baba yake Mumtaz Mahal, mke wa Shah Jahan. Kwa hiyo alikuwa mkwe wa mfalme na waziri wake mkuu. Wenyeji wana kisa juu ya bustani hii, nacho, kiwe kimetokea kama kilivyo au kimeongezwa chumvi, kimedumu vinywani mwa watu muda mrefu.

Husimuliwa kwamba Shah Jahan alipoiona Nishat aliisifu mara ya kwanza, akaisifu mara ya pili na ya tatu, akitaraji mkwewe atasema, kama ilivyo desturi ya watu wa baraza, kwamba imekuwa yake mfalme. Asif Khan akanyamaza. Maji ya Nishat yalitoka katika mkondo uleule uliokuwa ukinywesha Shalimar ya mfalme, na mfalme kwa hasira akaamuru mkondo ufungwe. Bustani ikakauka. Mabomba yakanyamaza, mabirika yakaota ukungu, maua yakainama. Asif Khan hakusema neno, akawa hukaa peke yake chini ya mti, hana analolifanya. Siku moja akiwa amelala usingizi wa huzuni, alizinduliwa na sauti ya maji. Mtumishi wake mmoja, asiyestahimili kumwona bwana wake katika hali ile, alikuwa amekwenda usiku kuuvunja ukingo. Bwana alitetemeka, akijua adhabu ya kuvunja amri ya mfalme. Mtumishi alipoitwa barazani alikiri bila kujitetea. Badala ya kumwua, Shah Jahan alimvika joho la heshima, na akaiandikia Nishat haki ya kupata maji.

Kila aliyewahi kuamka saa tisa za usiku kusikiliza kama mfereji umeanza kutoa maji ataufahamu moyo wa Asif Khan. Lakini sisi katika kisa hiki twamtazama zaidi yule mtumishi. Wasimulizi wametuhifadhia jina la mfalme, la waziri, na hata la bustani, ila la yeye aliyeyarudisha maji hawakututajia.

Safari ya kwenda ziwani haikuwa lelemama. Kutoka Agra au Lahore hadi Srinagar ilikuwa kazi ya miezi, na mwisho wake ni kuupanda mlima wa Pir Panjal kwa njia nyembamba. Mwaka 1665 Aurangzeb, mwana wa Shah Jahan, aliyekuwa ameugua sana, alikwenda Kashmir kutafuta afya. Katika msafara huo alikuwamo tabibu wa Kifaransa, François Bernier, aliyeandika aliyoyaona. Bonde lilikuwa dogo na chakula chake kina mpaka, kwa hiyo mfalme alizuia watu wengi wasipande pamoja naye, na hata hivyo maelfu ya wapagazi walitakiwa. Katika kupanda, tembo waliokuwa wamewabeba wanawake wa jumba la mfalme walipatwa na hofu. Wa mbele alirudi nyuma, akamsukuma wa pili, naye akamsukuma wa tatu, wakaporomoka bondeni mmoja baada ya mwenziwe. Bernier asema walianguka tembo 15, na wanawake watatu au wanne walikufa. Yeye alipita pale siku mbili baadaye, akaona baadhi ya wanyama wale wangali wakitikisa mikonga. Aurangzeb hakurudi tena Kashmir katika maisha yake yote marefu.

Babu yake, Jahangir, alikuwa kinyume chake, kwani alirudi tena na tena hata umauti ukamkuta njiani. Alikufa tarehe 28 Oktoba 1627 katika safari ya kushuka kutoka Kashmir kwenda Lahore.

Juu ya mlima unaolitazama ziwa kuna magofu ya Pari Mahal, ambayo huhusishwa na Dara Shikoh, ndugu yake Aurangzeb. Huyu alikuwa mtu wa vitabu na mfuasi wa tarika ya Qadiria, na mlezi wake wa kiroho, Mulla Shah, aliishi Srinagar. Walipogombea kiti, Aurangzeb alimshinda, na Dara Shikoh akauawa mwaka 1659. Anayesimama leo katika matao yale huliona ziwa zima chini yake.

Katika bustani zote za ziwa lile, moja ilipata hatima nyingine kabisa. Upande wa magharibi, Sadiq Khan, mmoja wa watumishi wakuu wa dola, alijenga mwaka 1623 bustani na jumba la starehe akaliita Ishrat Mahal. Inasimuliwa kwamba Shah Jahan alipolifikia mwaka 1634 aliamuru ligeuzwe kuwa mahali pa sala. Mwishoni mwa karne hiyohiyo ulifikishwa Kashmir unywele ambao wenyeji wanaamini ni wa Mtume Muhammad (S.A.W.). Riwaya zao zasema uliletwa kutoka Madina hadi Bijapur, kusini ya India, na Sayyid Abdullah. Ukapita kutoka kwa mwanawe kwa mfanyabiashara wa Kikashmiri aitwaye Nuruddin Eshai, na baada ya misukosuko mingi ukafika Srinagar pamoja na jeneza la mfanyabiashara huyo. Kwanza uliwekwa katika ziara ya mjini, lakini watu waliokuja kuuona walikuwa wengi hata pakawa hapatoshi, ukahamishiwa katika ile iliyokuwa bustani ya Sadiq Khan. Tangu hapo mahali hapo huitwa Hazratbal. Binti yake Eshai, Inayat Begum, ndiye aliyekuwa mlinzi wake, na ulinzi ukaendelea katika kizazi chake.

Wanazuoni wana maneno yao juu ya kuthibitisha athari za namna hii, nasi si mahali petu kuingia humo. Linalotuhusu hapa ni uzito wa jambo hilo katika nyoyo za watu wa ziwa. Tarehe 27 Desemba 1963 palipambazuka unywele ule haumo katika sanduku lake. Ulikuwa wakati wa baridi kali, ardhi imefunikwa na theluji, na hapakuwa na mgeni hata mmoja wa kiangazi. Watu wa mjini na vijijini walitoka wakajaza njia za Srinagar mchana na usiku, wamebeba bendera nyeusi, maduka yamefungwa. Mbali huko Bengal ghasia zilizuka, zikaua watu wasio na hatia. Serikali ya India ilimpeleka mkuu wa upelelezi wake, B. N. Mullik, na tarehe 4 Januari 1964 ikatangazwa kwamba unywele umepatikana. Watu hawakutulia mpaka wazee wa dini walioutambua walipoitwa kuutazama na kusema ndio. Msikiti mweupe wa marumaru unaoonekana leo, kuba lake likiwa limeakisiwa ziwani, ulianza kujengwa mwaka 1968 na ukakamilika mwaka 1979.

Turudi nyuma kidogo. Baada ya nguvu za Wamughal kudhoofika, Kashmir ilitawaliwa na Waafghani, kisha Masingasinga kuanzia mwaka 1819. Mwaka 1846 Waingereza, waliokuwa wamewashinda Masingasinga, waliiuza nchi pamoja na watu wake kwa Gulab Singh, mtawala wa Jammu, kwa rupia milioni 7.5. Mkataba ulitiwa saini Amritsar. Juu ya fedha hizo, mnunuzi alitakiwa kila mwaka atoe farasi mmoja, mbuzi 12 wa sufi na jozi tatu za shali za Kashmir, kuwa alama ya utiifu. Msomaji akiyasoma masharti hayo hudhani ni orodha ya mahari. Watu waliokuwa wakizifuma shali hizo hawakuulizwa.

Mtawala mpya na warithi wake, wa nasaba ya Dogra, nao waligawa mwaka kwa mujibu wa joto. Tangu mwaka 1872 serikali yao ilihama kila msimu. Kiangazi makao yalikuwa Srinagar, na baridi ikija makarani na majalada yao wote wakashuka Jammu. Desturi hiyo iliendelea karibu karne moja na nusu.

Waingereza, ingawa ndio waliouza, walijikuta hawaruhusiwi kumiliki ardhi Kashmir. Nao walikuwa wamekwisha kuonja hewa ya Dal. Maafisa wa jeshi na wa serikali, pamoja na wake na watoto wao, walikuwa wakipanda kila mwaka kukimbia vumbi na homa za nchi ya chini. Walipokosa mahali pa kujenga, walijenga majini. Watu wa mashua wa Kashmir tangu zamani walikuwa na madau makubwa bapa yaliyoezekwa mikeka, na familia nzima iliishi humo. Kuanzia miaka ya 1880 madau hayo yalianza kugeuzwa nyumba kamili, zikawa na ukumbi, chumba cha kulia, vyumba vya kulala na baraza upande wa omo. Zilijengwa kwa mbao za mierezi ambazo hustahimili maji miaka mingi. Kuta za ndani zilichongwa maua na majani kwa ustadi ambao fundi wa milango wa kwetu angetikisa kichwa kwa kuridhika. Nyuma ya kila nyumba ya mgeni, kwa kawaida, liliegeshwa dau dogo lililochakaa. Humo ndimo alimoishi mwenyewe na mkewe na wanawe, na ndimo kilimotoka chakula cha mgeni.

Sheria ya ardhi basi ndiyo iliyozaa jambo ambalo leo huonekana katika kila picha ya Kashmir. Waingereza waliondoka mwaka 1947, India na Pakistan zikaigombea nchi ile na hadi leo zinaigombea, lakini nyumba za mashua zikabaki, na wageni wengine wakaja. Vita vilivyoanza mwaka 1989 viliwafukuza hao pia. Kwa miaka mingi mashua zilikaa tupu, majina ya Kiingereza yakichujuka rangi kwenye mbao, na wenyewe wakiuza zulia moja baada ya jingine ili wale.

Hao wenyewe ndio tuliotaka kufikia. Watu wa mashua wa Kashmir huitwa Hanji, na wengi wao ni Waislamu. Kafi yao ina ncha pana yenye umbo la moyo, na shikara yao ni chombo chembamba chenye paa la kitambaa ambacho humvusha mwanafunzi, bibi harusi, mgonjwa na jeneza. Wapo wavuvi, wapo wavunaji wa mizizi ya yungiyungi, iitwayo nadru, ambayo hupikwa kwa maziwa ya mgando au kukaangwa ikauzwa barabarani kama tuuzavyo sisi bajia. Wapo wakulima wasio na ardhi hata shubiri. Hao hukata matete na magugu maji, huyasuka yakawa mkeka mnene, huyatenga na mizizi yake chini, kisha huyatandika tope la ziwani na kupanda juu yake matango, nyanya, matikiti na mamung'unya. Shamba huelea, likafungwa kwa mambo yaliyopigwa chini. Mwingereza Walter Lawrence, aliyeandika kitabu juu ya bonde hilo mwaka 1895, ametaja wizi ambao hatudhani unapatikana mahali pengi duniani: mtu kulala na shamba, akaamka asilione, kwa kuwa mwizi amelifungua usiku na kulikokota kwa mashua.

Alfajiri, kabla jua halijatoka nyuma ya Zabarwan, wakulima hao hukutana mahali pamoja ziwani, madau yao yameshikana ubavu kwa ubavu, wakauziana mboga. Biashara hukwisha mapema, kila mmoja akashika njia yake ya maji. Mtalii asiyeamka kwa sala ya alfajiri huikosa.

Ziwa lenyewe sasa linaumwa. Limepungua, kwa kuwa kingo zake zimejazwa udongo ili kupata viwanja na barabara, na kwa kuwa matope ya milima iliyokatwa miti yameteremka na mito. Maji taka ya mji unaokua yameingia humo miaka nenda miaka rudi, yakiwa na ile rutuba ambayo magugu huipenda. Magugu yakishamiri hufunika uso wa maji, yakioza hula hewa iliyomo, samaki wakafa. Mashine huelea kutwa zikiyavuna na kuyapandisha pwani kwa malori. Mwaka 1997 iliundwa mamlaka ya kuyashughulikia maziwa na njia za maji za huko, ikajengwa mitambo ya kusafisha maji taka, na fedha nyingi zikatumika. Gharika kubwa ya Septemba 2014, iliyoizamisha Srinagar hata ghorofa za kwanza, ilikumbusha watu kwamba mabwawa na vinamasi vilivyofukiwa ndivyo vilivyokuwa vikiyapokea maji ya mto ukifura.

Ni nani alaumiwe? Kidole hunyoshewa kwanza wakaao ndani ya ziwa. Ni kweli kwamba nyumba za mashua zilikuwa zikimwaga uchafu wake majini, na ni kweli kwamba mashamba yanayoelea, yakikaa sana mahali pamoja, hugeuka nchi kavu, na nchi kavu hujengwa. Familia nyingi zimeondolewa, zikapewa viwanja nje ya mji, mahali paitwapo Rakh-e-Arth. Huko hakuna ziwa. Mtu aliyejua kuvuna nadru, kuisoma rangi ya maji na kuusuka mkeka wa shamba ameambiwa atafute kazi nyingine.

Sisi hatuoni kwamba hukumu hiyo imekamilika. Hesabu ya maji taka ya mji mzima, wenye watu zaidi ya milioni moja, haiwezi kulinganishwa na ya mamia ya mashua. Hoteli na majumba yaliyopanda kando ya barabara ya ukingoni hayakujengwa na Hanji. Wala si wao waliofukia mfereji wa Nallah Mar, uliokuwa ukiyatoa maji ya Dal kupitia katikati ya mji wa kale. Mfereji huo ulifukiwa katika miaka ya 1970 ukafanywa barabara ya magari, na maji yaliyokuwa yakipumulia huko yakakosa pa kupumulia. Mwenye kukaa ndani ya ziwa huonekana kwa sababu yumo ndani yake. Aliye mbali hufungua bomba lake, akasahau.

Na bado kwa mwenye mashua haikuwa rahisi. Leseni mpya za nyumba za mashua zilikoma kutolewa zamani, matengenezo yahitaji kibali, na mti wa mwerezi umekuwa ghali mno. Nyumba ikipasuka chini na mwenyewe akakosa fedha za mbao, huzama polepole na nakshi zake zote.

Mwisho wa vuli miti ya chinari ya Naseem Bagh, karibu na Hazratbal, hugeuka rangi ya moto, na wageni wa mwisho hupiga picha wakaondoka. Tarehe 21 Desemba huanza siku 40 ambazo wenyeji huziita Chillai Kalan, baridi kuu. Ziwa huweza kuganda. Watu hutembea na kangri, chungu kidogo cha makaa kilichofumiwa kikapu, mfano wa chetezo chetu, wakakificha ndani ya joho lipwayalo liitwalo pheran. Hunywa kahwa, ambayo licha ya jina lake si kahawa bali ni chai ya majani mabichi yenye zafarani, iliki na lozi. Na usiku theluji ikianguka sana, mwenye mashua hawezi kulala, kwa kuwa uzito ukizidi juu ya paa utaizamisha nyumba iliyo tupu. Huamka yeye na wanawe, wakapanda juu na majembe ya mbao, wakaisukuma theluji ziwani, wakaanza tena upande wa pili.